Nuru Isiyopenya

Tairi la gari huisha kwa njia mbili. Ya kwanza inaonekana na kila mtu: kashata zinalika, mifereji inapungua kina, na mwishowe tairi linakuwa kipara. Mwisho wa aina hiyo hauhitaji mtaalamu. Nchini Marekani dereva huchomeka senti moja mferejini, kichwa cha Abraham Lincoln kikielekea chini, na akiziona nywele zote za rais huyo anajua kwamba tairi limekwisha. Nchini Uingereza kazi hiyohiyo hufanywa na sarafu ya peni 20, kwa kuutazama ukingo wake. Sheria ya huko inadai kina kisichopungua milimita 1.6 katika robo tatu za katikati ya uso wa tairi, mzunguko mzima. Leza nayo imeingia katika upimaji huu bila shida kubwa. Mstari mwembamba wa mwanga humulikwa juu ya tairi, kamera ikiutazama kutoka upande. Palipo na mfereji mstari huonekana umevunjika, na kwa hesabu ya pembetatu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaifahamu, kompyuta hutoa kina chake. Gari linaweza kupita juu ya kifaa cha namna hiyo bila kusimama.

Njia ya pili ni ya ndani. Haina sarafu yake. Tairi laweza kuwa na kashata nene, jeusi, likang'aa kama lililotoka kiwandani jana, kumbe matabaka yake yamekwisha kuanza kuachana. Waswahili walipousema uzuri wa mkakasi kwamba ndani ni kipande cha mti, hawakuwa wameliona gari. Lakini methali hiyo inalielezea tairi bovu vizuri kuliko vitabu vingi vya ufundi. Juu ya njia hii ya pili ndipo inaposimama kazi ya Y. Y. Hung, mhandisi aliyesomesha Chuo Kikuu cha Oakland, katika jimbo la Marekani la Michigan. Jina lake halitajwi sana nje ya fani yake, na pengine hiyo ndiyo sababu inayotosha ya kuandika juu yake.

Ili kazi yake ieleweke, kwanza yafaa kulipasua tairi. Tairi la kisasa si mpira mtupu. Ni jengo la matabaka: nyuzi za poliesta, au za chuma katika malori, zinazovuka kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, juu ya nyuzi hizo mikanda ya nyaya za chuma, na juu kabisa mpira mnene unaogusana na barabara. Chuma na mpira havishikani kwa hiari. Kwa hiyo nyaya hupakwa utando mwembamba wa mchanganyiko wa shaba na zinki, na tairi linapopikwa kiwandani, salfa iliyomo katika mpira huungana na shaba hiyo. Uhai wa abiria umefungwa katika muungano huo ambao hakuna dereva anayeuona.

Mahali pa hatari zaidi ni kingo za mikanda. Hapo nyaya zimekatwa, na ncha zake zinaukwaruza mpira kila gurudumu linapozunguka. Joto huuchosha mpira. Oksijeni ya hewa iliyomo ndani ya tairi hupenya polepole na kuufanya mkavu. Ufa mdogo hutokea, ukatambaa kando ya mkanda, mkanda mmoja ukaachana na mwenzake. Siku moja, katika mwendo wa kasi, uso mzima wa tairi hubanduka kama ganda la chungwa. Wahandisi wa Kiingereza wana jina la kistaarabu la tukio hilo, lenye maana ya kutengana. Kitenzi cha Kiswahili kina ukweli zaidi: kubanduka ni kutoka kwa kitu kilichokuwa kimegandamana, na ndivyo inavyokuwa hasa.

Wasomaji wanaoishi Ghuba wana haki ya kukumbushwa kwamba kisa mashuhuri zaidi cha kubanduka kwa matairi kilikuwa habari ya huko kabla hakijawa habari ya Marekani. Agosti 1999, kampuni ya Ford ilianza kuwabadilishia matairi ya Firestone wenye magari ya Explorer katika Saudi Arabia na nchi jirani, baada ya ajali ambazo uso wa tairi ulikuwa umechomoka. Ilipita karibu mwaka mzima. Tarehe 9 Agosti 2000 ndipo matairi milioni 6.5 yalipotangazwa kurudishwa nchini Marekani kwenyewe. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo katika hesabu ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani vilifika 271. Bunge la Marekani lilipotunga sheria mpya mwishoni mwa mwaka huo, liliweka ndani yake sharti kwamba mtengenezaji akibadilisha vyombo au vifaa katika nchi ya kigeni kwa sababu za usalama, airipoti hatua hiyo Marekani. Sharti hilo lina historia, na historia hiyo ni lami ya Uarabuni wakati wa kiangazi. Joto la huko halikuzua ubovu ambao haukuwapo. Liliuharakisha, likatoa ushahidi mapema. Ushahidi ulikosa wa kuusikiliza tu.

Swali la kiufundi linalobaki ni hili: ubovu uliofichika kati ya tabaka na tabaka unaonekanaje bila kulikata tairi? Tairi likikatwa, hujulikana, lakini halipo tena. Eksirei huona nyaya za chuma vizuri sana, zilipokatika na zilipopinda, ila pengo jembamba lisilo na kitu ndani yake, lililolala sambamba na mkanda, mara nyingi huipita. Kugonga kwa nyundo na kusikiliza mlio kuna manufaa yake, na mipaka yake pia.

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa anafikiria matairi. Dennis Gabor alizaliwa Budapest mwaka 1900, akafanya kazi Berlin, akaondoka huko mwaka 1933 Hitler alipoingia madarakani. Alipata kazi katika mji wa Rugby, Uingereza, kwenye kampuni ya vyombo vya umeme. Mwaka 1947, akitafuta namna ya kuboresha darubini ya elektroni, alipata wazo ambalo yeye mwenyewe alisimulia kwamba lilimjia siku ya Pasaka akiwa anangoja zamu yake kwenye uwanja wa tenisi. Picha ya kawaida huhifadhi ukali wa mwanga peke yake: hapa pana weupe, hapa pana giza. Lakini mwanga ni wimbi, na wimbi lina pia hatua yake, yaani mahali lilipofikia katika kupanda na kushuka kwake. Hatua hiyo ndiyo inayobeba habari za umbali, na filamu huitupa. Gabor alionyesha kwamba mwanga uliotoka kwenye kitu ukikutanishwa na mwanga mwingine usioguswa na kitu hicho, mawimbi hayo mawili yataingiliana, na katika mwingiliano huo hatua itaandikika. Aliuita mwandiko huo hologramu. Alichokosa ni mwanga wenye nidhamu ya kutosha; taa ya zebaki aliyokuwa nayo haikuweza zaidi ya vipicha vidogo vyenye ukungu.

Mwanga huo ulipatikana tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza katika maabara ya Hughes huko Malibu, California. Miaka michache baadaye, Emmett Leith na Juris Upatnieks wa Chuo Kikuu cha Michigan walilichukua wazo la Gabor na mwanga huo mpya, wakatoa hologramu ya treni ya kuchezea ambayo wanasayansi wenzao walipanga foleni kuitazama mwaka 1964. Upatnieks alizaliwa Riga. Familia yake iliikimbia Latvia mwishoni mwa vita vya pili vya dunia. Mwaka 1965, Robert Powell na Karl Stetson, katika chuo hichohicho, waligundua kwamba hologramu ya kitu kilichotikisika kidogo hujaa michirizi, na kwamba michirizi hiyo si kasoro. Ni kipimo. Kila mchirizi unaeleza kwamba mahali hapo uso umesogea kwa nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, na wimbi la leza nyekundu ya heli na neoni lina urefu wa nanomita 633 hivi. Unywele mmoja wa mtu ni mnene zaidi ya mara mia.

Michigan ni jimbo la Detroit, na Akron, mji wa viwanda vya matairi, uko upande wa pili wa Ziwa Erie, Ohio. Haikuchukua muda watu wakaviweka viwili hivi pamoja. Kabla ya muongo huo kwisha, matairi yalikuwa yamekwisha kulazwa mbele ya hologramu.

Hata hivyo hologramu ni chombo cha kifalme. Haivumilii. Kwa kuwa kila nukta ya tairi inapimwa kwa kulinganishwa na mwanga wa rejeo unaopita njia yake peke yake, njia hizo mbili zinapaswa kutulia kabisa kwa muda wote wa kupiga picha. Lori likipita barabarani nje ya jengo, kipimo kimeharibika. Fundi akifunga mlango kwa nguvu, kimeharibika. Palihitajika meza nzito zilizoelea juu ya mito ya hewa, vyumba vya giza, na filamu za kusafishwa kwa dawa. Yote hayo yanapatikana katika maabara ya chuo kikuu. Karakana inayovisha mpira mpya matairi ya malori, ambako mashine zinanguruma tangu asubuhi, ni mahali pengine kabisa. Na ni huko ndiko yalikokuwa matairi yenyewe.

Hung alisoma Chuo Kikuu cha Illinois, na mwaka 1973 yeye na Charles Taylor walieleza kamera ya aina nyingine. Mwaka huohuo, Leendertz na Butters wa Loughborough, Uingereza, walitoa kifaa cha ukoo huohuo, jambo linalotokea mara nyingi zaidi kuliko historia za wavumbuzi zinavyopenda kukiri. Tofauti ni kwamba Hung hakuliacha wazo hilo. Aliliendeleza kwa miaka mingi, akalipatia jina, shearografia, na mwaka 1979 hataza ya Marekani ilitolewa kwa njia hiyo, jina lake likiwa pamoja na la Ralph Grant. Tairi halikuja mwishoni kama mfano wa matumizi. Lilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo vilivyoipa njia hiyo sababu ya kuwapo.

Wazo lenyewe laweza kuelezwa kwa sentensi moja: nukta isilinganishwe na rejeo lililo mbali, ilinganishwe na jirani yake. Katika kamera ya mwanzo, Hung aliweka kabari nyembamba ya kioo mbele ya nusu ya lenzi. Kabari huupinda mwanga kidogo, kwa hiyo lenzi hiyohiyo ilitoa sura mbili za kitu kimoja, moja ikiwa imesogezwa pembeni ya nyingine kwa milimita chache. Mahali ambapo nukta moja ya tairi ingeangukia, nukta ya jirani nayo iliangukia hapohapo, na mwanga wa majirani hao wawili ukaingiliana. Rejeo la nje halikuhitajika tena. Kila sehemu ya tairi ikawa rejeo la sehemu iliyo karibu nayo.

Faida inayotokana na hapo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa haraka. Lori likipita nje, tairi lote linatikisika kwa pamoja. Nukta hii inasogea na jirani yake inasogea naye, kwa kiasi kilekile. Tofauti kati yao haibadiliki, na kamera inayopima tofauti peke yake haina habari na mtikisiko huo. Lakini panapo uvimbe mdogo, hata wa sehemu ya maelfu ya milimita, jirani mmoja amepanda na mwenzake amebaki chini. Hapo ndipo michirizi inapotokea. Kwa lugha ya hisabati, hologramu hupima kiasi cha kusogea, na shearografia hupima mteremko wake. Wahandisi walikuwa wakiutafuta mteremko huo kwa kukokotoa kutoka katika vipimo vya kusogea, na kila anayekokotoa kwa njia hiyo anajua jinsi makosa madogo yanavyokua njiani. Kamera ya Hung iliufanya mwanga wenyewe uitoe hesabu hiyo kabla haijafika kwenye karatasi.

Ni vigumu kuusoma ufumbuzi huu bila kumfikiria fundi wa matairi wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, anayepitisha kiganja juu ya tairi kutafuta nundu. Kiganja kilichotulia hakimwambii kitu. Lazima kitembee, kwa sababu ngozi ya mkono haijui urefu, inajua badiliko: hapa palikuwa sawa, hapa panapanda. Fundi huyo hana rejeo la nje. Analinganisha mahali na mahali pa jirani, tena anaweza kufanya hivyo kando ya barabara yenye kelele, wala lori likipita halimharibii kazi. Tofauti kati yake na kamera ya Hung ni ya ukali wa hisi, nayo ni kubwa mno; mantiki yake ni moja. Mara nyingi husemwa katika maandishi ya wasomi wetu kwamba ujuzi wa mikono na sayansi ya maabara ni ulimwengu mbili. Ushahidi wa tairi hauungi mkono usemi huo, angalau si hapa.

Kiganja hushindwa mahali pamoja: nundu haipo bado. Tairi lenye pengo ndani, likikaa tu, uso wake ni laini. Lazima lishawishiwe kuusema ubovu wake, na njia iliyokubalika viwandani ni ya ombwe. Tairi huvuliwa kwenye ringi, likawekwa ndani ya chumba kinachofungwa sawasawa. Picha ya kwanza hupigwa. Kisha hewa ya chumbani hupunguzwa kidogo, milibari 50 hivi, kiasi cha ishirini moja ya kanieneo ya kawaida. Hewa iliyonaswa ndani ya pengo haina pa kutokea, kwa hiyo inatanuka, na ngozi ya tairi iliyo juu yake inainuka kwa mikromita chache. Picha ya pili hupigwa. Ya kwanza ikitolewa katika ya pili, tairi zima hupotea, na panapobaki na pengo huonekana mabawa mawili ya michirizi, moja la mteremko unaopanda, jingine la unaoshuka. Waendeshaji wa mashine hizo huliita umbo hilo kipepeo. Zamani filamu ndiyo iliyofanya kazi ya kutoa; leo ni kamera ya kidijitali na kompyuta, na tairi zima hukaguliwa kwa dakika chache, sehemu baada ya sehemu.

Ajabu ya njia hii ni kwamba mwanga hauingii ndani ya tairi hata kidogo. Mpira mweusi hauupitishi. Leza inaishia kwenye ngozi, na kila kinachojulikana kuhusu ndani kinajulikana kwa jinsi ngozi ilivyoitikia. Jina shearografia linabeba sehemu tu ya habari hii, ile ya sura iliyosukumwa pembeni. Mtafsiri anayetaka neno la Kiswahili ana njia mbili: ashike mbinu, aseme picha ya mchepuko, au ashike kazi, aseme picha ya mteremko. La pili lingemfaa zaidi mwanafunzi, kwa sababu linamwambia kinachopimwa. Mpaka watunga istilahi watakapoliamua jambo hilo, neno la kukopa linatosha.

Thamani ya kazi hiyo nje ya maabara ilionekana katika uchunguzi wa Firestone wenyewe. Wachunguzi wa serikali ya Marekani, waliotoa ripoti yao ya kihandisi Oktoba 2001, hawakutaka kuyachunguza matairi yaliyokwisha kupasuka peke yake. Tairi lililopasuka linasimulia mwisho. Halisimulii ulianza lini. Walikusanya pia matairi yaliyokuwa yametumika katika majimbo ya kusini yenye joto, wakayapitisha kwenye shearografia, na wakaona nyufa zilizokuwa zikikua kwenye kingo za mikanda ya matairi ambayo yalikuwa hayajamdhuru mtu. Kwa maneno mengine, kipepeo alionekana kabla ya ajali. Ile hoja ya kawaida ya mtengenezaji, kwamba dereva hakujaza upepo wa kutosha au alipakia kupita kiasi, haiondoki kabisa mbele ya ushahidi kama huo, lakini haiwezi tena kusimama peke yake.

Isidhaniwe kwamba chombo hiki kinajua yote. Shearografia huona pengo. Haioni uzee. Mpira uliokauka kwa miaka, ambao bado umeshikana kwa uzi wa mwisho, waweza kupita mbele ya leza bila kutoa mchirizi. Septemba 2012, basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki katika Kisiwa cha Wight lilipasuka tairi la mbele kwenye barabara ya A3, Surrey, kusini mwa Uingereza. Watu watatu walikufa. Tairi hilo lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19, mkubwa kuliko wa mmoja wa waliokufa, na sheria ya wakati huo haikuwa na neno juu ya umri. Ilijua kina cha mifereji tu. Frances Molloy, mama wa kijana huyo, aliifuata serikali kwa miaka. Tangu tarehe 1 Februari 2021, matairi yaliyozidi miaka 10 yamepigwa marufuku kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi huko. Hakuna leza iliyohitajika kwa hilo. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni mwake kwa tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, na yeyote anayejua kusoma anaweza kuusoma, mradi aambiwe pa kutazama.

Ni haki basi kuuliza ni matairi gani hupelekwa mbele ya kamera ya Hung. Ya ndege, kwanza, kwa kuwa tairi la ndege huvishwa mpira mpya mara kadhaa katika maisha yake, na kila mara kiunzi chake lazima kihakikishwe. Ya malori, katika karakana kubwa za kuvisha mpira, ambako kiunzi kibovu kikigunduliwa mapema huokoa gharama ya kukivisha bure. Ya majaribio, katika viwanda. Hesabu inayoamua ni ya fedha: mashine ni ghali, na tairi la gari dogo ni rahisi kulitupa kuliko kulikagua.

Lakini kutupa nako kuna jiografia yake. Tairi linalovuliwa kwenye gari huko kaskazini likiwa na kashata nusu halifi papo hapo. Nchini Uingereza kwenyewe laweza kuuzwa tena likiwa na kina cha angalau milimita 2, likakaguliwa ndani na nje, likajazwa upepo wa kupimiwa, likapigwa ubavuni muhuri wa kusema kwamba limekwisha kutumika kwa sehemu. Mengine hupakiwa kwenye makontena, na masoko ya Afrika Mashariki yanayafahamu matairi ya mitumba kama yanavyozifahamu nguo zake. Yakifika mwisho kabisa hukatwa kuwa katambuga, na mshonaji wa katambuga, akitenganisha tabaka na tabaka kwa kisu, ndiye mtu wa kwanza katika safari nzima anayeiona mikanda kwa macho yake mwenyewe.

Kati ya kontena na kisu hicho kuna miaka ya barabarani: daladala, matatu, malori ya kwenda Kongo na Rwanda kupitia njia za joto kali. Muhuri uliopigwa Uingereza, kama ulipigwa, unathibitisha kwamba mtu alilitazama tairi na likashika upepo. Hausemi lolote juu ya kingo za mikanda. Mnunuzi analipindua, anaangalia kashata, anauliza bei, na kama ni mtu wa kazi anapitisha kiganja.